Alumini haigeuki nyekundu: nilichojifunza juu ya frigo ya mama

Leo sitaongea juu ya CV wala barua ya kuomba kazi. Naongea juu ya frigo ya mama, kisu cha jikoni, na tundu dogo kama la sindano.

Tunaishi komine ya Manika, hapa Kolwezi. Mama anauza maji ya baridi na barafu za juisi mbele ya nyumba. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijashika vizuri, joto na vumbi la malori vinaleta wateja wengi, na pesa hiyo njo inalipa shule ya mdogo wangu. Siku moja barafu ilikuwa imeganda ukuta mzima wa ile sehemu ya juu ya frigo. Nikachukua kisu nikaanza kuikwangua. Nikasikia: ssss! Mama akaniangalia tu: "Masomo yote ile, na kisu inakushinda?"

Nina lisansi ya kemia. Nikajiambia, kuziba tundu kwenye alumini haiwezi kunishinda. Kesho yake asubuhi nikanunua sokoni bageti tano za kuungia alumini, nikaazima shalumo ndogo ya gesi, nikaanza. Nikaweka moto juu ya bageti, ikayeyuka, ikawa mpira mdogo unaong'aa, ukateleza kama maji juu ya jani la lenge, ukaanguka chini. Nikaongeza moto. Alumini haikubadilika rangi hata kidogo, nikafikiri bado ni baridi, nikaongeza tena. Ghafla ukuta ukalegea na kuzama. Tundu la sindano likawa tundu la harage.

Hapo njo nilibeba frigo kwa papa mmoja mwenye atelie ya mafrigo. Hakuanza na tundu. Aliuliza: "We mutoto, ulisoma gesi gani iko ndani?" Sikuwa nimesoma. Kwenye kibandiko cha nyuma iliandikwa R600a. Wanakemia wenzangu, R600a ni isobutani. Inawaka kama gesi ya kupikia. Kilichoniokoa ni kwamba ilivuja yote usiku, na mlango wa frigo ulibaki wazi. Sikuokolewa na lisansi.

Nilikaa atelie kwake wiki nzima, nikijifunza kwenye vipande vya frigo zilizokufa. Hiki ndicho nilichoelewa.

Kuunga siyo kuchomelea

Kuchomelea ni kuyeyusha vipande viwili vyenyewe hadi viwe kimoja. Kuunga kwa bageti ni kitu kingine. Kipande hakiyeyuki, inayeyuka bageti peke yake, halafu inashika kipande pande zote. Alumini inayeyuka kwenye digrii 660. Bageti za bei nafuu tunazopata sokoni ni mchanganyiko wa zinki na alumini, na nyingi zinayeyuka kati ya digrii 380 na 450. Ziko pia bageti za alumini na silisiamu, zinazoyeyuka karibu na digrii 580. Hizo ni imara zaidi, lakini nafasi ya kukosea ni ndogo sana. Kwa mtu anayejifunza nyumbani, anza na za zinki.

Adui ni ngozi

Kila mmoja wetu aliyesoma kemia ameandika Al₂O₃ kwenye mtihani. Mimi niliandika nikapata pointi zangu, lakini siku ilipokuwa mbele ya macho yangu sikuitambua. Alumini ikigusa hewa tu, inajivika ngozi ya oksidi. Unene wake ni milioni chache za milimita, huwezi kuiona. Lakini ngozi hiyo inayeyuka kwenye digrii zaidi ya 2,000! Maana yake, chuma cha ndani kinaweza kuwa maji wakati ngozi ya juu bado ni ngumu. Mpira wangu wa kwanza uliteleza kwa sababu haukugusa alumini hata mara moja. Uligusa ngozi.

Jicho linadanganywa

Sisi watoto wa hapa tumezoea kuona chuma kikichomwa. Kikipata moto kinakuwa chekundu, halafu rangi ya chungwa, na fundi anajua afanye nini. Alumini haitoi onyo hilo. Inafika digrii 660 ikiwa bado na rangi ileile ya fedha, halafu inaanguka. Tena inabeba joto mara nne hivi kuliko chuma. Ukichoma sehemu moja, joto linakimbilia pembeni, unaona hakuna kinachotokea, kumbe bamba zima linapanda pamoja.

Papa alinifundisha kwa sentensi moja, na ninaiandika alivyoisema: "Haiko bageti njo unachoma. Unachoma frigo. Frigo njo itachoma bageti."

Hatua zenyewe

1. Soma kibandiko. Ikiwa ni R600a, kazi ifanyike nje, gesi iwe imetoka yote, na hakuna makaa wala sigara karibu. Ikiwa ni R134a, haiwaki, lakini ikikutana na moto wa shalumo inatoa mvuke wa asidi unaoharibu mapafu. Hiyo inapaswa kuvutwa na mashine ya fundi, siyo kuachiliwa hewani, kwa sababu inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dioksidi.

2. Fungua njia ya hewa. Fundi anakata au kufungua bomba la kujazia gesi. Ukichoma kitu kilichofungwa, hewa ya ndani inapanuka na kupuliza bageti yako nje kama mapovu. Ondoa pia plastiki na sponji zilizo karibu.

3. Osha mafuta kwanza, halafu kwangua. Usigeuze. Ukikwangua kabla ya kuosha, unasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Tumia brashi ya chuma kisichoshika kutu, na isiwe imewahi kugusa chuma cha kawaida. Ukimaliza, unga saa hiyohiyo. Ngozi inarudi.

4. Pasha joto eneo pana, ukizungusha moto, usiuache mahali pamoja. Chora mstari wa sabuni ya kipande kando ya kidonda, siyo juu yake. Sabuni ikianza kuwa nyeusi, uko karibu, punguza haraka.

5. Toa moto pembeni, gusa alumini kwa ncha ya bageti. Ikiwa haiyeyuki, rudisha moto kidogo, jaribu tena. Ikiyeyuka yenyewe bila moto kuigusa, njo wakati wake.

6. Sugua bageti hapohapo ndani ya maji yake, ili ikwaruze ngozi iliyobaki. Utaona inaacha kuwa mpira, inatandaa na kulowesha. Bageti zenye unga wa dawa ndani zinafanya kazi hiyo zenyewe, lakini mwishoni osha mabaki kwa maji ya moto, maana yanakula alumini polepole.

7. Acha ipoe yenyewe. Usimwagie maji.

Tundu langu la harage lilikuwa kubwa mno kuzibwa kwa bageti peke yake. Tulikata kiraka cha alumini, tukalowesha bageti kwenye kiraka na kwenye ukuta, kila kimoja peke yake, halafu tukavikutanisha kwa joto. Kupima, papa alitumia gesi ya nitrojeni na povu la sabuni. Kamwe usipime kwa oksijeni ya wachomeleaji! Mabaki ya mafuta ya komprese yakikutana na oksijeni yenye presha yanaweza kulipuka. Baada ya hapo fundi alivuta hewa yote na kujaza gesi mpya kwa kuipima kwenye mizani. Sehemu hiyo usijaribu nyumbani.

Usiunge hivi

Sufuria, hapana. Zinki inayeyuka ndani ya nyanya na ndimu, mtaila. Tena sufuria ikikauka juu ya makaa, kiraka kinaweza kuachia. Rimu ya moto, kikanyagio, chupa ya gesi, chochote kinachobeba mtu au presha kubwa: hapana kabisa. Kifuniko cha injini ya pikipiki kilichopasuka kinawezekana, lakini kitoe kwenye injini, kipeleke mbali na petroli. Mafuta yamejificha ndani ya ufa, kwa hiyo kipashe joto kidogo yatoke, osha, halafu rudia hadi yaishe. Na popote utakapofanyia, pawe na hewa. Zinki ikichomwa kupita kiasi inatoa moshi mweupe, na jioni utatetemeka kama mwenye malaria.

Kwa nini chuma hiki kinatusumbua

Tunaishi juu ya shaba. Wazee wa Katanga waliyeyusha mawe ya malakiti kwa makaa ya miti na tanuru za udongo, wakamimina misalaba ya shaba iliyotumika kama pesa, karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kufika. Makaa yanatosha kuipokonya shaba oksijeni yake. Alumini imeshikana na oksijeni kwa nguvu zaidi, moto wa makaa hauitoshi. Ilibidi kungoja umeme. Mwaka 1886, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa walipata njia ileile bila kujuana. Wote walikuwa na miaka 22 au 23. Hall alikuwa amemaliza chuo mwaka mmoja tu kabla, na alifanyia kazi ndani ya kibanda cha kuni nyuma ya nyumba ya wazazi.

Nilipenda kusikia hivyo, kwa sababu na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba ya wazazi, diploma ndani ya bahasha. Kile nilichokijua kwenye karatasi kilikuwa kweli tupu. Kilikosa tu mtu wa kunishika mkono na kusema: hii hapa, njo ile uliyoandika. Atelie kama hiyo iko karibu na kila mmoja wetu. Ingia, omba kufagia, uliza maswali. Papa yule naye aliniuliza kwa nini bageti inateleza, nikamweleza habari ya oksidi. Alifurahi. Miaka yote alijua inateleza, hakujua jina la kinachoitelezesha.

Frigo inafanya kazi, mama amerudi mbele ya nyumba. Pesa ya kujaza gesi nilimlipa kidogo kidogo. Na juu ya mlango wa frigo amebandika sheria moja: hakuna kisu. Barafu ikiganda, zima, weka bakuli la maji ya moto ndani, funga mlango, ngoja.

Ngojeni, ndugu zangu. Kungoja ni bure, kuziba siyo bure.