Maji ya Moto Hayageuki Kuwa Tindikali

Ndugu msomaji, kila siku tunahimizana kuchemsha maji ya kunywa. Lakini mtaalamu akipima maji safi kabisa kwa kipimo chake, hupata namba mbili tofauti. Maji hayo yakiwa na joto la nyuzi 25 za sentigredi, hupata 7. Yakichemka na kufika nyuzi 100, hupata 6.1 hivi. Aliyefundishwa kwamba chini ya 7 ni tindikali atauliza: Je, tunajichemshia tindikali? La, hasha! Tuone sababu yake.

KIPIMO HICHO NI NINI?

Kipimo hicho huitwa pH. Tunatamka pi-echi. Kilitungwa mwaka 1909 na S. P. L. Sørensen, mtaalamu wa Denmark aliyefanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen.

Maji ya ndimu hupata 2 hivi, maana ni tindikali. Maji ya majivu hupita 7 kwa mbali. Hayo ni alkali, kama magadi. Kumbuka jambo moja: namba ikishuka, vipande vya tindikali vimeongezeka.

MAJI HUGAWANYIKA

Maji yameundwa na chembe ndogo mno ziitwazo molekuli. Jicho haliwezi kuziona. Baadhi ya molekuli hugawanyika na kuwa vipande viwili vyenye umeme. Vipande hivyo huitwa ioni. Kimoja ni cha upande wa tindikali, na kimoja ni cha upande wa alkali. Vikikutana tena, huungana vikawa maji.

Molekuli zinazogawanyika ni chache sana. Kwenye nyuzi 25, ni moja tu hivi kati ya milioni 550. Lakini kugawanyika kunahitaji joto. Ukiyapasha maji moto, molekuli nyingi zaidi hugawanyika. Maji yakichemka, vipande huongezeka kama mara saba hivi.

TAZAMA MIZANI

Chukua mizani ya dukani yenye sahani mbili. Weka kilo moja huku na kilo moja kule. Mizani inakaa sawa. Sasa weka kilo saba huku na kilo saba kule. Bado iko sawa, au siyo?

Maji safi ni hivyo hivyo. Kila molekuli ikigawanyika hutoa kipande kimoja huku na kimoja kule. Tindikali haiwezi kuzidi alkali. Lakini pH huhesabu sahani moja tu, ile ya tindikali. Ndiyo maana namba inashuka, ingawa mizani haijalala upande wowote.

Basi, namba 7 ni ya katikati kwa nyuzi 25 tu. Kwa nyuzi 60, katikati ni 6.5. Kwa maji baridi ya nyuzi 0, katikati ni 7.5 hivi. Anayepima maji, yawe ya kisima au ya bwawa la samaki, lazima aangalie na joto lake. Namba ya pH peke yake haitoshi.

MAJI YETU YA KISIMA

Maji ya kisima si maji matupu. Yana chumvi, chokaa na hewa ya ukaa. Hewa ya ukaa ikiwa ndani ya maji huleta tindikali kidogo. Tukichemsha, hewa hiyo hutoka pamoja na mapovu. Kwa hiyo, maji ya kisima yaliyochemshwa na kupoa mara nyingi huwa na tindikali pungufu kuliko mwanzo. Ule utando mweupe ndani ya birika ni chokaa iliyobaki.

Ndugu, usiache kuchemsha maji kwa kuogopa namba. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo ndivyo vinavyoua. Acha maji yatokote dakika moja kamili. Wanaoishi mahali palipo juu ya mita 2,000 wayaache dakika tatu. Kisha yapoe, na yahifadhiwe katika chombo safi chenye kifuniko.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini pH ya maji safi hushuka yakipata moto?
2. Kwa nini hatusemi kwamba yamekuwa tindikali?
3. Nyumbani kwako, maji ya kunywa yanatokota kwa muda gani?