Marekani: nyumba ya kukokota kwa gari, namba ya mlangoni ndiyo inaamua

Kwenye barabara ya Kolwezi hadi Kasumbalesa, watu wamezoea kuona semi-remorki zikipeleka shaba Zambia. Wachache wanajua kama chombo kinachounganisha kamyo na remorki ile, kwa Kifaransa sellette, ndicho familia nyingi za Marekani wanatumia kukokota nyumba ya kulala wakienda likizo, ao wakifuata kazi kutoka jimbo moja hadi lingine.

Kule wanakiita gurudumu la tano. Jina linatoka kwenye magari ya farasi: juu ya ekseli ya mbele kulikuwa na duara la chuma lililolazwa, ambalo liliruhusu magurudumu ya mbele kugeuka. Glenn Curtiss, yule mtengenezaji wa ndege, alikuwa kati ya wa kwanza kulitumia kwa nyumba ya kukokota, katika miaka ya 1920.

Aina ya pili ni remorki ya kawaida, inayofungwa nyuma ya gari kwenye tufe la chuma. Bei yake kwa kawaida iko chini, na hata jipu inaweza kuivuta. Gurudumu la tano linataka pikapu, sababu linakaa ndani ya karosri, juu ya ekseli ya nyuma. Mizigo ya karosri basi inatafuta pahali pengine.

Faida yake inaonekana barabarani. Uzito ukikaa juu ya ekseli, remorki haiyumbi sana. Ile ya tufe inavuta kutoka nyuma kabisa. Upepo ao kamyo kubwa ikipita, inaanza kucheza kama mkia, na dereva akiwa na mwendo mkali mteremkoni inaweza kupindua gari lote. Hapo kukanyaga freni kwa nguvu ni hatari. Dereva anaachilia mafuta polepole, anashika usukani bila kuupinda-pinda, kisha anabonyeza kwa mkono freni ya remorki peke yake. Kupakia vibaya kunaleta shida hiyo hiyo: mizigo mizito ikirundikwa nyuma, mkia unaanza kucheza mapema.

Lakini wanunuzi wengi wanakosea pahali pengine. Muuzaji anasifu kilo ambazo pikapu inaweza kuvuta. Hasemi sana kilo ambazo inaweza kubeba. Remorki ya tufe inalalia gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, gurudumu la tano asilimia 15 hadi 25. Kwa nyumba ya kilo 4,500, ya kwanza inaweka kilo 450 hadi 675 juu ya gari. Ya pili kilo 675 hadi 1,125. Ongeza baba, mama, watoto watatu na chuma chenyewe cha kufungia. Pikapu nyingi za kawaida zinakuwa zimeshapita kipimo, hata kama motere inavuta bila kulalamika. Pine na ekseli ya nyuma ndizo zinaumia.

Kipimo hicho kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa penye mlango wa dereva. Madereva waangalifu wanapitia pia kwenye mizani ya vituo vya kamyo, familia yote ikiwa ndani na tanki la maji limejaa: lita 200 za maji ni kilo 200.