Nyayo za Usiku katika Mji wa Bosongo

Mji wa Kisii, ambao wazee wetu huuita Bosongo, maana yake kwa Wazungu, haupungukiwi na mvua. Miaka michache iliyopita nalitumwa huko kwa kazi ya ofisi. Mvua ikanikuta sokoni, nami nikakimbilia nyumba moja ya wageni ya zamani, yenye kuta nene, baraza pana na paa la mabati yaliyoshika kutu. Mlinzi, mzee mwenye kabuti refu, alinipa ufunguo, kisha akaniuliza kwa upole: “Bwana Karani, wewe huogopi nyayo?”

Kwa maelezo yake, usiku wa manane askari wa Kizungu hupita barazani na viatu vya vita, kutoka pembe hii mpaka ile, wala habishi mlango wa mtu. Aliuawa siku za Wajeremani.

Nisikudanganye, msomaji: nalilala na suruali yangu mwilini. Yapata saa nane nikasikia kishindo, kisha kingine, vikifuatana kama hatua za mtu mzito. Nikashika kurunzi, nikafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Nikasimama pale kitambo, hata nikaona mfereji wa paa umevunjika, na maji yake yadondokea debe lililopinduliwa. Asubuhi nalipomweleza mzee, alicheka sana. “Na usiku usio na mvua, je?”

Katika nchi nyingine habari kama hizi ni biashara. Hoteli ya Langham ya London, iliyofunguliwa mwaka 1865, yajulikana kwa mizimu ya chumba namba 333. Huko Marekani, mwandishi Stephen King alilala katika Hoteli ya Stanley, jimbo la Colorado, mwaka 1974, akatoka na wazo la kitabu cha kutisha. Tangu hapo wageni hukigombania chumba chake, namba 217.

Lakini askari wa mzee yule ana asili katika mambo ya kweli. Mwezi wa Septemba 1914 Wajeremani waliingia Kisii, na tarehe 12 jeshi la Keya na polisi likapigana nao hapo. Kapteni Thorneycroft, aliyeliongoza, aliuawa. Siku zile ambazo serikali ilikuwa imeuhama mji, watu wengi walidhani Wazungu wamekwenda zao kabisa, kama alivyotabiri Sakawa, wakazipora ofisi na maduka. Waliporudi, Waingereza waliwaadhibu vikali na kuwanyang'anya ng'ombe.

Jambo moja lilinisumbua. Waafrika wa Keya nao walipigana siku ile. Mbona hatembei barazani ila Mzungu?

Nadhani jibu limo katika desturi zetu. Kwa Abagusii, ebirecha, yaani roho za wazee waliokufa, hazizururi katika nyumba za wageni. Mzee huwaendea watoto wake mwenyewe, kwa ndoto au kwa ugonjwa, naye hudai haki yake: labda sadaka, labda jambo lililoachwa bila kutimizwa. Mzimu wetu una jamaa, na una daawa.

Na kama ni daawa, hakuna aliye na kubwa kuliko Otenyo. Mwezi wa Januari 1908, kwa kuhimizwa na Moraa wa Ngiti, mwanamke mwaguzi, Otenyo alimchoma mkuki Bwana Northcote, ambaye watu walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong. Lakini mwaka ule wa 1908 askari waliletwa, nyumba zikachomwa, watu wengi wakauawa, na Otenyo akakamatwa na kuuawa. Yasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Jamaa yake wamekidai kwa miaka mingi, wapate kumzika mtu wao mzima.

Nikamwuliza mzee kama kuna aliyewahi kumsikia Otenyo barazani pale.

“Hapa aje afanye nini, mwanangu?” akajibu. “Hapa si kwao.”

Akapokea ufunguo, akaenda kuliinua lile debe, akalisimamisha vema chini ya mfereji.