Saratani ya utumbo inapotua kwenye uboho

Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana akiishiwa damu, daktari hufikiria kwanza uvimbe unaovuja kidogo kidogo hadi akiba ya madini ya chuma inakwisha. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini ipo hali adimu ambayo vidonge vya chuma haviisaidii: saratani imeingia kwenye uboho, kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa.

Uadimu huo una sababu. Damu inayotoka kwenye utumbo mpana hupita kwanza kwenye ini, na chembe nyingi za saratani hunasa humo. Ndiyo maana ini hushambuliwa mapema, kisha mapafu. Puru ina vichochoro vyake: sehemu ya damu yake hulikwepa ini, na mwaka 1940 Oscar Batson wa Marekani alieleza mtandao wa vena zisizo na vali kati ya nyonga na uti wa mgongo, ambamo damu huweza kwenda na kurudi. Hata hivyo, kufika si kuota. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget, akichunguza vifo vya saratani ya matiti, alisema mbegu ya saratani huchagua udongo.

Ikiota kwenye uboho, husukuma nje chembe changa za damu kabla hazijakomaa. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hushuka, fizi huvuja, michubuko hutokea bila kugongwa, mgongo huuma. Mashine ya kuhesabu damu hutoa hasa namba. Kwa maoni yangu, ili kuziona chembe hizo changa, tone lililopakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini bado halina mbadala, nalo ni rahisi.

Uthibitisho hupatikana kwa kuchukua kipande cha uboho nyuma ya nyonga, kwa ganzi. Familia nyingi husikia “uboho” zikadhani ni saratani ya damu. Sivyo: chembe zile zimetoka utumboni, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya utumbo.

Ugumu uko hapo. Dawa hizo nazo hushusha chembe sahani, huku kuacha kuzitumia dawa kukiupa ugonjwa nafasi. Baadhi ya madaktari huanza na dozi ndogo, mgonjwa akiongezewa damu. Lengo kwa kawaida ni kupunguza makali na kurefusha maisha. Chembe sahani za kuongezewa hudumu siku chache tu, kwa hiyo ndugu huombwa kuchangia tena na tena.