Serikali hufanya nini eneo linapotaka kujitenga?

MADAI ya kujitenga si mageni nchini Kenya, na mara nyingi chimbuko lake ni ardhi na mikataba ya enzi za ukoloni.

Wakazi wa Kimuka na kwingineko Kajiado wanalifahamu vyema suala la mikataba. Wamaasai walipoteza malisho ya Bonde la Ufa na Laikipia kupitia mikataba ya 1904 na 1911. Walipowasilisha kesi, mahakama iliamua mnamo 1913 kwamba mikataba hiyo ilikuwa baina ya mataifa, hivyo haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza. Jamii hiyo ilitambuliwa kuwa taifa pale tu ambapo kutambuliwa huko kuliinyima haki. Hata hivyo, dai lake lilibaki kuwa la ardhi.

Kaskazini mwa nchi, Wasomali wengi walitaka kujiunga na Somalia. Serikali ilijibu kwa silaha. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, na vita vya Shifta vikaendelea hadi baada ya mkataba wa Arusha wa Oktoba 1967. Vita vilikwisha, lakini sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991.

Pwani, hoja ni ukanda wa maili 10 uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ambao aliukabidhi Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963. Kundi la Mombasa Republican Council (MRC) liliyapinga kwa kaulimbiu ya “Pwani si Kenya”. Serikali ililipiga marufuku 2010. Mahakama Kuu ya Mombasa iliiondoa marufuku hiyo Julai 2012, lakini miezi mitatu baadaye kiongozi wake alikamatwa.

Mataifa mengine yamechagua njia tofauti. Katiba ya Ethiopia, katika kifungu cha 39, inaruhusu kujitenga. Sudan nayo iliafiki kura ya maamuzi kupitia mkataba wa amani wa 2005, na Sudan Kusini ikawa huru 2011. Lakini viongozi wa Afrika walikuwa wameamua jijini Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe.

Kenya ilichagua ugatuzi. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47 na kuzitengea angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hata hivyo, magavana wa Mombasa na Kilifi walifufua wito wa kujitenga baada ya uchaguzi wa 2017.

Hilo linaonyesha kuwa pesa pekee hazitoshi. Katiba hiyo hiyo iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Nguvu zaweza kunyamazisha mlalamishi. Malalamishi yenyewe humalizwa kwa kusikilizwa na kuamuliwa.