Kipuli au Kipuri? Tahajia na Utafutaji wa Mapambo ya Mwili Mtandaoni Wilayani Rusizi

Makala haya yanafafanua namna tofauti za tahajia zinavyoathiri utafutaji wa mapambo ya mwili mtandaoni, kwa kurejelea Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda. Mji wa Cyangugu unatazamana na Bukavu kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu. Huko tofauti za tahajia si jambo geni: mto mpakani huandikwa Rusizi upande wa Rwanda na Ruzizi upande wa Kongo.

Katika Kiingereza, Waingereza huandika jewellery na Wamarekani jewelry. Mitambo mikubwa ya utafutaji huoanisha maumbo hayo, kwa kuwa Kiingereza kina matini tele za kielektroniki. Hata hivyo, duka dogo ambalo programu yake hulinganisha herufi kwa herufi humpoteza mteja aliyetumia tahajia isiyo ya muuzaji.

Kwa Kiswahili tatizo ni zito zaidi, na lina sura nne. Kwanza, neno moja lina maumbo mawili: hereni na herini, naye mzungumzaji wa Kinyarwanda huenda akaathiriwa na iherena. Pili, umoja na wingi hubadili mwanzo wa neno, hivyo anayeandika kikuku huenda asioneshwe vikuku. Tatu, neno moja hubeba maana kadhaa: kipini ni pambo la puani, ni mpini mdogo, na pia ni jina la mji ulio karibu na mlango wa Mto Tana nchini Kenya. Nne, Kinyarwanda hakitofautishi sauti l na r kama Kiswahili sanifu kinavyofanya. Anayekusudia vipuli vya masikio akaandika vipuri huletewa vipuri vya pikipiki.

Mfano huu wa mwisho unaonesha kwamba kusahihisha tahajia kimashine bila kuzingatia muktadha hakutoshi. Maumbo yote mawili ni sahihi. Kinachotofautiana ni maana. Programu inapaswa kumwonesha mtafutaji matokeo ya pande zote mbili, kisha achague mwenyewe.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo, soko la mpakani linahitaji zana za lugha zinazolingana na hadhi hiyo. Makala yanapendekeza Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iratibu orodha huria ya vibadala vya tahajia. Kila kibadala kiunganishwe na umbo sanifu, wingi wake, maana zake na maneno yanayokaribiana nalo katika lugha jirani. Usanifishaji wa namna hii haufuti maandishi ya watu wa mpakani, bali huyawezesha kusomeka. Bila hatua hiyo, mchuuzi wa Rusizi atalazimika kuorodhesha bidhaa zake kwa Kiingereza ili zionekane, hata pale muuzaji na mnunuzi wote wawili wanapozungumza Kiswahili.