Tamthilia Iliyoihoji Televisheni

Televisheni ilipoanza Australia mwaka 1956, michezo yake ya mwanzo aghalabu ilikuwa tamthilia za jukwaani zilizohamishiwa studioni, waigizaji wakicheza papo hapo mbele ya kamera pasi na fursa ya kusahihisha kosa. Rwanda, iliyopata televisheni yake mwaka 1992, imetupatia mfano wa namna nyingine, nao kwangu ni mzito zaidi: tamthilia iliyoiweka televisheni yenyewe kizimbani, kisha ikaingia katika filamu.

Hiyo ni Rwanda 94, iliyotungwa na kundi la Groupov la Liège, Ubelgiji, chini ya uongozi wa Jacques Delcuvellerie, kwa kushirikiana na wasanii wa Kinyarwanda, na kuonyeshwa kwa ukamilifu mwaka 2000, ikichukua karibu saa sita. Anayeifungua ni Yolande Mukagasana, ambaye si mwigizaji bali muuguzi aliyenusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Huketi kitini peke yake, akaihadithia hadhara jinsi mumewe na watoto wake watatu walivyouawa. Baada ya ushuhuda huo wafu hujitokeza katika televisheni za dunia, wakikatiza matangazo na kudai wasikilizwe, hata mtangazaji wa kubuniwa aitwaye Bee Bee Bee akalazimika kuutafuta ukweli. Na hilo ni shtaka la haki, kwani mwaka 1994 picha za maiti zilifika sebuleni mwa watu wa Ulaya ilhali sababu za mauaji hazikufika.

Aprili 2004 tamthilia hiyo ilichezwa Rwanda, naye Marie-France Collard akaifuata kwa kamera, akatoa filamu mwaka 2006. Naona hapo ndipo skrini ilipolipa deni lake kwa jukwaa, kwa kuwa iliwatazama pia wasikilizaji, wenye msiba wenyewe, ambao jukwaa la Liège lisingeweza kuwa nao.

Tamthilia huishia kwa wimbo mrefu wa Bisesero, vilima vilivyo juu ya Ziwa Kivu hilihili la kwetu Gisenyi, ambako Watutsi walijihami kwa mawe na mikuki. Nawasihi wenye vituo vya televisheni wairushe filamu hiyo ikiwa na maandishi ya Kiswahili, ili hata mama anayevuka mpaka alfajiri kwenda kuuza nyanya Goma aifuate neno kwa neno.